Divai ya Tabora Haina Zabibu

Anayetaka kutalii mashamba ya divai nchini Tanzania huambiwa ashuke Dodoma, na anayemwambia hivyo hajamdanganya. Zabibu ziliingia huko mwaka 1957 kupitia misheni ya Kikatoliki ya Bihawana, zikakubaliana na ardhi ile kavu na jua lake kali. Leo wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora huvuna mara mbili kwa mwaka, neema ambayo mwenzao wa Ufaransa haijui. Mzabibu wa Ulaya hulala miezi ya baridi. Wa Dodoma hauna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huulaza mwenyewe kwa kuupogoa, na kila akiupogoa huanza upya kuchipua na kuzaa.

Ila reli haiishii Dodoma. Inaendelea magharibi, inapita Manyoni, inaingia Unyamwezi hadi Tabora, na hapo inagawanyika: tawi moja linakwenda Mwanza, jingine linakata misitu kuelekea Kigoma. Kwenye njia hii ya Kigoma, baada ya Urambo na Kaliua, kabla treni haijafika mabonde ya Mto Malagarasi, kuna kituo kidogo kinachoitwa Usinge. Zabibu hakuna. Kuna asali, samaki, mchele, karanga na uyoga wa msimu, na kuna kinywaji ambacho wenyeji walikuwa wakikitengeneza kabla mche wa kwanza wa mzabibu haujapandwa Bihawana. Kwa mtu anayesafiri ili ale na anywe vya mahali alipo, safari ya Tabora hadi Usinge inastahili wiki yake nzima.

Tahadhari itangulie. Huku hakuna ukumbi wa kuonjea wenye glasi zilizopangwa mstari, wala mtu wa mapokezi aliyevaa sare. Kuna gesti za kawaida, mama lishe, vilabu vya pombe za kienyeji na warina asali ambao hawajawahi kufikiria kwamba kazi yao inaweza kuwa kivutio cha utalii. Atakayekuja akitarajia Stellenbosch ya Afrika Kusini atarudi na hasira zake.

Tabora yenyewe ina historia ndefu ya kulisha wasafiri. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, mingine kwa wiki, mingine kwa miezi, ikibadilisha wapagazi na kusubiri vita au mvua ipite. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, kama mji ulivyojulikana wakati huo, Novemba 1857, wakapokewa na Snay bin Amir, Mwarabu wa ukoo wa Al-Harthi. Burton aliandika kwamba tajiri huyo alianza maisha kama mtengeneza halua na vitamutamu kule Maskati. Utajiri wake aliupata kwa pembe za ndovu na kwa watumwa, na hilo halifai kufunikwa kwa sinia la wali, hata liwe na viungo gani. Lakini ndiyo picha halisi ya Tabora ya karne ya 19: mji wa bara, mbali sana na bahari, ambako mwenye nyumba alijua halua ikolee sukari kiasi gani.

Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta matembe ya Waarabu yamezungukwa na bustani za vitunguu, ngano, matikiti, mapapai, maembe, malimau na ndimu. Vitu vingine viliagizwa kutoka pwani kila mwaka: chai, kahawa, sukari, viungo vya mchuzi, biskuti, samaki wa makopo, na pia divai na brandi. Divai ya zabibu, kwa maneno mengine, ilifika Tabora juu ya kichwa cha mpagazi takribani miaka tisini kabla ya Bihawana. Mpagazi mwenyewe, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, hakupewa tone. Posho yake ya kawaida njiani ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku.

Kilomita chache kutoka mjini, Kwihara, lipo tembe linalohifadhiwa kama makumbusho ya David Livingstone. Yeye na Stanley walifika hapo pamoja Februari 18, 1872. Stanley akaondoka Machi 14 kurudi pwani; Livingstone akabaki akisubiri wapagazi na mizigo hadi Agosti 25. Ni mahali pa kutembelea asubuhi, jua halijawa kali, kisha mtu akarudi mjini kutafuta chakula.

Chakula cha mjini kianzie sokoni. Kuanzia Novemba hadi Januari hakuna haja ya kuuliza kilichoko, kwa sababu maembe yametapakaa kila kona. Miembe ni kumbukumbu ya misafara. Ilifuata njia ya watu kutoka pwani hadi Ujiji, na Tabora iliipokea kwa mikono miwili hadi ikawa na sifa yake ya maembe. Nje ya msimu huo, macho yaelekezwe kwenye magunia ya vikavu. Hapo ndipo jiko la Kinyamwezi linapojieleza.

Mvua Tabora ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei mwanzoni, na baada ya hapo nchi hukauka miezi mingi mfululizo. Kwa hiyo mapishi ya hapa yamejengwa juu ya ufundi wa kukausha. Viazi vitamu hufanywa michembe, yaani hukatwa vipande vibichi na kuanikwa juani hadi vikauke kama vigae. Au hufanywa matobolwa, vikachemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Tofauti yake ni kubwa mdomoni. Michembe hupikwa upya, mara nyingi pamoja na karanga zilizotwangwa, ikawa mlo wa kushibisha. Matobolwa hutafunwa hivyo hivyo, yanavutika kidogo, na utamu wake huja polepole kadiri mtu anavyotafuna. Ni tafuno zuri sana la kwenye treni. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakaitwa nsansa, na yakipikwa na karanga hubeba ugali wa mtama bila aibu mbele ya nyama yoyote.

Kuna sababu ya nyama ya ng'ombe kutotawala mapishi ya zamani ya upande huu, na sababu yenyewe ina mabawa. Misitu ya magharibi mwa Tabora, kuanzia Urambo hadi Malagarasi, ni makao ya mbung'o. Ng'ombe walikufa kwa nagana, watu wakaugua malale, na serikali ya kikoloni ikaanza kuhamisha wakazi waliotawanyika porini na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja. Msitu ukabaki na miti yake, na nyuki wakabaki na maua yao. Asali ya Kaliua na Usinge, ukiitafutia mlinzi wa kwanza, ni yule inzi msumbufu ambaye kila msafiri humlaani.

Treni kutoka Tabora kwenda magharibi inafuata, kwa jumla, upande uleule walioelekea misafara. Wajerumani walifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo vituo vimekuwa masoko. Treni ikisimama, wauzaji huja mbio chini ya madirisha na karanga za kuchemsha, viazi, maembe, kuku wa kukaanga, samaki wakavu, na asali iliyotiwa kwenye chupa zilizokuwa za maji. Biashara hufanyika kwa kasi: pesa inashuka, chupa inapanda, na chenji inarushwa treni ikiwa imeshaanza kujongea. Anayetaka kuonja kabla ya kununua hana muda huo, na ndiyo maana ni afadhali kushuka.

Usinge iko katika Wilaya ya Kaliua. Anayekuja kwa gari atatumia barabara ya Tabora, Urambo na Kaliua, ambayo huendelea hadi Nguruka na kuvuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete kuelekea Uvinza na Kigoma. Zamani kuvuka mto huo ilikuwa shughuli pevu. Watawala wa Uvinza walitoza hongo kabla mtumbwi haujaguswa, na wenye mitumbwi nao wakataka chao. Stanley alilipa, akalalamika, akalipa tena. Kisha mamba akamnyakua mmoja wa punda zake katikati ya mto.

Sasa asali. Msitu wa hapa ni wa miombo, na miti miwili ndiyo inayobeba uzito wa kazi: mtundu na muba, kama Wanyamwezi wanavyoiita. Haitoi maua wakati mmoja. Muba huchanua mvua zikielekea mwisho, mtundu huchanua kiangazi kinapokaribia kuisha, kabla mvua mpya hazijaanza. Ndiyo maana urinaji mkubwa uko katikati ya mwaka, Juni na Julai, na mwingine hufuata kuelekea mwisho wa mwaka. Mjuzi akionja asali za misimu hiyo miwili hawezi kuzichanganya, kama vile mnywaji wa divai asivyochanganya nyeupe na nyekundu.

Mzinga wa jadi ni wa gogo lililotobolewa au wa gome. Wa gome hutengenezwa kwa kuubambua mti wakati wa mvua, gome likiwa laini na linaachia kirahisi. Fundi hulikunja likarudi umbo lake la mviringo, hulibana mshono kwa vijiti vilivyochongwa, kisha huziba ncha mbili kwa vifuniko vya majani yaliyosukwa au vipande vya mbao, na kuacha tundu la nyuki kupita. Mzinga huo huning'inizwa juu mtini, umelala, mbali na nyegere na moto. Ni mwepesi, hauna gharama ya pesa, na nyuki wanaupenda. Hasara yake ni kwamba mti uliobambuliwa hufa, na kwa fundi mwenye mizinga mingi hiyo ni miti mingi. Ndiyo maana maofisa wa nyuki wamekuwa wakihimiza mizinga ya mbao yenye viunzi vya juu. Wengine wamekubali. Wengine huuliza, kwa haki, mbao za kutengenezea zitoke wapi na zilipwe na nani.

Kurina hufanyika usiku au jioni, maana nyuki wa Kiafrika hana subira mchana. Mrina hupanda na kinga cha majani au magome kinachotoa moshi mzito, akafungua kifuniko cha upande mmoja, akapuliza moshi hadi nyuki warudi upande wa pili, ndipo akaanza kukata masega. Mrina makini hukata yale yaliyofunikwa kwa nta tu na kuyaacha yenye makinda. Tofauti hiyo ndiyo ubora wote. Sega lililofunikwa lina asali iliyokomaa, ambayo nyuki wenyewe wameipunguza maji hadi ikafikia kiasi cha kutochacha. Sega lisilofunikwa bado ni majimaji, na ndoo moja iliyochanganywa nalo huharibika yote. Moshi ukizidi nao hubaki kwenye asali. Mnunuzi mgeni hudhani ladha hiyo ya moshi ndiyo uasili wenyewe, wakati mwenyeji anajua kuwa ni pupa ya mrina.

Biashara hii ina mizizi. Nta ya nyuki ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianzisha idara ya ufugaji nyuki. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora, na ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora umekuwepo kwa miongo mingi. Tanzania kwa kawaida hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa uzalishaji wa asali, baada ya Ethiopia. Ajabu ni kwamba msafiri anaweza kulala mjini Tabora, akanywa chai asubuhi hotelini, akaletewa sukari ya kiwandani na jamu ya kopo.

Asali ikikutana na maji, hadithi inabadilika. Asali iliyokomaa ina sukari karibu asilimia 80 na maji chini ya asilimia 20, na katika hali hiyo hamira haiwezi kufanya kazi. Sukari inaifyonza maji hadi inazimia. Ongeza maji mara tatu au nne ya asali, na hamira iliyokuwa imelala ndani ya asali hiyo hiyo inaamka. Ndivyo wanzuki inavyotengenezwa. Wapishi wa pombe huchanganya asali na maji ya uvuguvugu kwenye chombo kikubwa, wengine huongeza masega yenye chavua na makinda ili kuipa hamira chakula cha ziada, kisha chombo huwekwa mahali penye joto, juani au karibu na meko. Baada ya saa kadhaa mchanganyiko huanza kuchemka bila moto. Siku moja au mbili, kutegemea joto na mkono wa mpishi, na iko tayari.

Inayofaa kunywewa ina rangi ya chai ya maziwa iliyopauka, ina vijipovu, na harufu yake ni ya asali kabla ya kuwa ya pombe. Utamu hutangulia, uchachu hufuata. Ikilala siku moja zaidi, utamu huisha na ukali hupanda, na wapo wanaoipenda hivyo hivyo. Kangara ni ndugu yake mzito: ndani yake mna mahindi au kimea cha nafaka pamoja na asali, na mnywaji hunywa na kushiba kwa pamoja.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Asali ikipanda bei, sukari huingia kwenye pipa badala yake, na kinachouzwa kwa jina la wanzuki katika vilabu vingi vya mijini ni maji, sukari na hamira ya dukani. Kulewesha kinalewesha. Lakini hakina zile harufu za maua, na kichwa cha asubuhi yake kina mambo. Usinge ina nafasi nzuri zaidi ya kumpatia mtu ile yenyewe kwa sababu tu mzinga uko karibu. Njia ya busara ni mgeni kufika kwa mwenyeji anayemwamini, aulize kwa adabu nani anapika ya asali, na akubali kusubiri mpaka kesho yake. Pombe ya moshi, ile inayokenekwa, aikwepe kabisa. Ni haramu kisheria, na imeua watu wengi sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Waethiopia wamefika mbali zaidi na kinywaji cha aina hii. Tej yao ni asali, maji na majani ya gesho yanayoipa uchungu kidogo. Hunywewa kwenye chupa zenye tumbo la duara na shingo nyembamba, katika nyumba maalumu ambazo mgeni yeyote wa Addis Ababa hupelekwa. Wamarekani na Wapolandi huuza divai ya asali kwenye chupa zenye kizibo, kwa bei ya divai nzuri. Wanzuki haijapata kizibo, na imeachwa kwenye madumu pamoja na jina la pombe ya maskini. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni uzembe wa kibiashara kuliko upungufu wa kinywaji.

Majaribio ya divai ya kienyeji yamewahi kufanyika mkoani humu, na hayakuhusu asali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, kikishirikiana na kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, kilifundisha vikundi vya wanawake kusindika matunda ya msituni yakawa jamu, sharubati na divai. Matunda yenyewe watoto wa Tabora wanayajua kwa midomo yao: ntalali jeusi lenye utamu wa kunata, tonga lenye ganda gumu la kupasuliwa kwa jiwe, mbula, zambarau la porini. Ufundi ulieleweka, na divai ikapatikana. Vikwazo vilivyobaki ni vilevile vinavyomkwamisha msindikaji mdogo popote nchini: chupa, vifungashio, alama ya ubora, na gari la kufikisha mzigo sokoni.

Baada ya kinywaji, sahani. Kaskazini na magharibi ya Usinge nchi inashuka kwenye ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la zaidi ya hekta milioni tatu, la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Ziwa Sagara liko humo. Samaki wanaotoka huko, perege na kambale hasa, hufika wakiwa wabichi kwa walio karibu na wakiwa wamekaushwa kwa moshi kwa walio mbali. Kambale wa moshi hupikwa hivi: analowekwa kwenye maji ya moto, anasafishwa, anatolewa miiba mikubwa, kisha anaungwa na nyanya, vitunguu na karanga zilizosagwa, mchuzi ukaachwa uchemke taratibu mpaka mafuta ya karanga yaelee juu. Unaliwa na wali wa mabonde ya hapo hapo, au ugali. Mchuzi huo una moshi, una utamu wa karanga, na wanzuki changa isiyokolea ukali inakaa nao vizuri ajabu. Uchachu wake unakata mafuta.

Hata chumvi ilikuwa ya nyumbani. Chemchemi za Uvinza, vituo kadhaa mbele kwenye reli hiyohiyo, zilikuwa zikilisha chumvi nchi yote hii, na misafara iliibeba kama bidhaa na kama malipo. Uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi hapo kwa takribani miaka 1,500.

Uyoga ni suala la bahati ya tarehe. Mvua zikishika, kuanzia Desemba, akina mama na watoto huingia msituni alfajiri na kurudi na vikapu, na wauzaji hupanga mafungu kando ya barabara. Upo wa vichuguuni, mwingine mkubwa kiasi kwamba kofia moja inatosha familia, na upo mdogo wa rangi ya kiini cha yai. Mgeni asiokote mwenyewe hata kama amesoma vitabu. Anunue kwa wanaoula.

Msitu unaolisha meza hii yote uko matatani, na mtalii atauona ukweli huo kabla hajaambiwa. Kando ya barabara kuna mabani ya kukaushia tumbaku, na kando ya mabani kuna marundo ya magogo. Tumbaku ilipata nguvu upande huu baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kushindwa Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ardhi iliyokuwa imesafishwa ikapewa zao jingine. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni hizo ni miombo, pamoja na mtundu na muba. Mkulima si wa kulaumiwa kirahisi: tumbaku ina mnunuzi, ina pembejeo za mkopo na ina bei inayotangazwa. Asali haina hata kimoja cha hivyo kwa uhakika. Ongeza wafugaji wanaoshuka na ng'ombe kutoka Usukuma baada ya mbung'o kupungua, ongeza mashamba mapya, na nyuki anazidi kusukumwa ndani. Upande wa kusini napo milango imebana: pori la akiba la Ugalla, ambako warina asali na wavuvi waliruhusiwa kuingia kwa vibali kwa msimu, lilipandishwa mwaka 2019 kuwa hifadhi ya taifa, na sheria za hifadhi za taifa haziruhusu shughuli hizo.

Kwa nani atatumia pesa yake, basi, msafiri anaweza kuchagua. Lita za asali zilizonunuliwa kwa mrina mwenyewe, kwa bei isiyopitia mikono mitatu, zinampa mtu huyo sababu moja zaidi ya kuuacha mtundu usimame.

Msimu wa kwenda ni chaguo kati ya mambo mawili. Juni hadi Agosti njia ni kavu, usiku una ubaridi wa kuvutia blanketi, na asali mpya imejaa. Novemba hadi Januari kuna maembe, kisha uyoga, na pia matope, mbu na radi za Tabora ambazo hazina mzaha. Dawa ya malaria ni ya lazima misimu yote. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi zibaki nyumbani, maana humvuta mbung'o kutoka mbali.

Akinunua asali ya kurudi nayo, mtu asiogope ikiganda. Kuganda ni tabia ya asali nyingi halisi, na huyeyuka chombo kikiwekwa kwenye maji ya vuguvugu. Kuichemsha ndiko kunakoiua. Aangalie zaidi uzito wake inapomiminwa, na kama juu kuna povu lenye harufu ya kuchacha, aiache. Nta nayo inauzwa, ni nyepesi kubeba, na mafundi wa viatu na watengeneza mishumaa wa mjini huitafuta.

Wanzuki haisafiri. Inaendelea kuchemka njiani, na chupa iliyofungwa vizuri itapasuka kabla ya Urambo, juu ya mizigo ya jirani. Inywewe Usinge. Kambale wa moshi anasafiri bila shida yoyote hadi Dar es Salaam, mradi afungwe kwenye gazeti na mfuko wa pili, mbali kabisa na nguo.